Kiti cha baiskeli kikiuma, uliza kwanza panauma wapi

Tarehe 23 Julai 1989 Mfaransa Laurent Fignon alipanda baiskeli mjini Versailles akiwa amebakiza kilomita 24.5 tu amalize mbio za Tour de France, kila mtu peke yake akishindana na saa. Alikuwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Alipofika Paris alikuwa nyuma kwa sekunde 8, na mpaka leo hakuna Tour ya wanaume iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Wengi hukumbuka usukani mpya wa LeMond uliomsaidia kuukata upepo. Wachache hukumbuka kwamba Fignon alikuwa na kidonda palepale anapokalia, na kwamba kilimtesa siku zote za mwisho.

Hakuna awezaye kusema kidonda kile kilimla sekunde ngapi. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekuwa na fundi wake na daktari wake bado aliumizwa na kitu kisichozidi ukubwa wa sahani. Basi anayeanza kuendesha baiskeli asione haya kusema makalio yanamuuma.

Taabu huanza akishasema. Mmoja atamwambia anunue kiti laini. Wa pili atamwambia avumilie, atazoea. Wa tatu ataangalia baiskeli na kusema kiti kiko chini, kipandishe. Wa nne atasema kiti ni kizuri, tatizo ni bukta. Ajabu ni kwamba kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli, kwa sababu kila mmoja anakumbuka maumivu yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake swali la kwanza: panauma wapi hasa?

Maneno tunayoyahitaji

Baiskeli ninayoizungumzia ni ile ya barabarani, yenye tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Mwendeshaji wake huinama mbele kuliko yule wa baiskeli ya kawaida, na kuinama huko ndiko chanzo cha nusu ya mambo tutakayoyaeleza.

Mifupa ya kukalia ni ile miwili iliyo chini kabisa ya fupanyonga. Kaa kwenye benchi la mbao, ingiza viganja chini ya makalio, kisha jitikise kushoto na kulia. Utaihisi ikikuchoma vidole. Mwili umeiumba kubeba uzito. Kati yake, kuanzia sehemu za siri hadi njia ya haja kubwa, kuna msamba. Humo hupita neva na mishipa ya damu inayohudumia sehemu za siri, na hakuna kitu chochote humo kilichoumbwa kukaliwa.

Na kuna kupimiwa baiskeli. Fundi cherehani hachukui shati akaukata mkono wako ulingane nalo. Anakupima, kisha anakata kitambaa. Kupimiwa baiskeli ni jambo lilelile: urefu wa kiti, mwinamo wake, umbali wake kutoka kwenye usukani na kimo cha usukani vyote hupangwa kufuata mwili wa mtu mmoja, na kufuata anavyoendesha.

Neno "kiti" limetuponza

Farasi na punda tunawawekea tandiko, na hakuna anayetarajia tandiko limpokee kama kochi. Anayepanda mnyama anajua kwamba miguu inafanya kazi, mgongo unafanya kazi, na tandiko ni mahali pa kuegemea tu. Kwenye baiskeli tukaliita kiti, na tangu hapo tunakidai mambo ambayo hakikutengenezewa.

Uzito wa mwendesha baiskeli hugawanyika sehemu tano: mikono miwili, miguu miwili, na makalio. Kila unapoisukuma pedali kwa nguvu, mguu unakunyanyua kidogo na kiti kinapumua. Ukizungusha miguu bila kusukuma, mzigo wote unarudi kwenye kiti. Hapa ndipo mgeni wa baiskeli anapoonewa bila kujua kosa lake. Miguu yake haijapata nguvu, anakwenda polepole, kwa hiyo anakaa mzima mzima juu ya kiti kilekile ambacho mwenzake mzoefu anakigusa kwa wepesi. Mzoefu huyo akimwambia "kiti hiki hakiumi", hadanganyi. Ila wawili hao hawakikalii kwa uzito mmoja.

Sehemu hizo tano zinafanya jambo jingine: zinasukumiana mzigo. Ukiiondolea mikono, makalio yanapokea. Ukiyaondolea makalio, mikono inapokea. Ndiyo maana mtu hurekebisha kiti Jumamosi, na Jumapili akarudi analalamika viganja.

Tope kati ya vidole vya mguu

Ushauri unaotolewa kuliko wote ni kununua kiti kinene chenye sponji au jeli nyingi, au kifuniko cha kuvalisha juu yake. Unaingia akilini, na kwa safari ya dakika kumi una faida. Kwa safari ya saa mbili mara nyingi unaharibu.

Kanyaga tope bila viatu. Unyayo unazama, na tope linapanda kati ya vidole. Kiti laini hufanya hivyohivyo. Mifupa ya kukalia, ambayo ndiyo ingebeba uzito, inazama. Sponji iliyosukumwa pembeni inapanda katikati, na katikati ndipo ulipo msamba. Mzigo umehama kutoka kwenye mfupa unaoweza kuubeba na kwenda kwenye nyama na neva zisizoweza. Dukani, ukikibonyeza kwa kidole gumba, kiti kile kilionekana rafiki. Kidole gumba hakina msamba.

Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako, huishika mifupa hiyo juu na kuuacha msamba upumue. Neno kubwa hapo ni upana. Kwa watu wazima wengi umbali kati ya mifupa hiyo miwili ni kati ya sentimita 10 na 16, na huwezi kuukisia kwa kumtazama mtu. Mwenye makalio makubwa anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na mwembamba akawa na iliyoachana. Ipime nyumbani: weka kipande cha boksi lenye mawimbi ndani yake juu ya kigoda kigumu, kaa juu yake, inama kidogo mbele kama unashika usukani, nyanyua miguu ili uzito ushuke, kisha simama. Mifupa itaacha mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine, uongeze kama sentimita 2 ili mifupa isikae kwenye kingo. Hapo una upana wa kuanzia kutafutia kiti.

Maumivu ya aina tatu

Sasa lile swali. Maumivu ya kiti ni ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wanunue viti vitano mfululizo.

La kwanza ni maumivu ya mifupa yenyewe: sehemu mbili ndogo, kulia na kushoto, zinauma kama umegongwa, na ukikaa kwenye benchi jioni unazihisi tena. Kwa anayeanza, au aliyerudi baada ya miezi ya kupumzika, hili ni la kawaida na hupungua katika wiki mbili tatu za safari fupifupi. Hapa, na hapa peke yake, "utazoea" ni ushauri mzuri. Likiendelea miezi, upana wa kiti haukufai.

Sehemu ya ushauri huo wa kuvumilia, nadhani, tumeirithi kutoka enzi ya viti vya ngozi nene, kama vile ambavyo kampuni ya Brooks ya Uingereza imekuwa ikitengeneza tangu karne ya 19. Ngozi ile hubonyea taratibu kufuata mifupa ya mwenyewe, kwa hiyo aliyevumilia alipata kiti kilichokuwa chake kweli. Kiti cha sasa cha plastiki na sponji hakikufuati. Kama umbo lake halikufai mwezi wa kwanza, mwezi wa sita halitakufaa.

La pili ni ganzi, na juu ya hili naomba usomaji wa makini. Unashuka kwenye baiskeli na sehemu za siri hazina hisia, au zinachomachoma kama mguu uliolaliwa. Watu wengi huona haya kulitaja. Wengine huambiwa ni dalili ya mazoezi mazito. Si kweli. Ganzi maana yake neva au mishipa ya damu ya msamba imebanwa. Mkono uliolalia usiku unaugeuza mara moja, huulalii usiku wa pili ukitumaini utazoea. Msamba unastahili heshima hiyohiyo. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka ni onyo la kurekebisha baiskeli. Ganzi inayobaki saa nyingi, inayorudi hata ukiwa umekaa ofisini, au inayokuja pamoja na damu kwenye mkojo, ni sababu ya kuacha kuendesha na kumwona daktari.

Kuna hofu kubwa kwamba baiskeli humwondolea mwanaume nguvu za kiume. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, ukilinganisha wanaume wanaoendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, haukukuta kwamba waendesha baiskeli wako nyuma katika hilo. Ulikuta jambo lenye manufaa zaidi kulijua: waliosimama juu ya pedali zaidi ya asilimia 20 ya muda wao wa safari walikuwa na ganzi kidogo, na ambao usukani wao ulikuwa sawa na kiti au juu yake walipungukiwa na ganzi na vidonda pia. Kabla ya hapo NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na usalama na afya kazini, ilikuwa imewapa polisi wanaofanya doria kwa baiskeli viti visivyo na pua, yaani bila ile ncha ndefu ya mbele. Baada ya miezi sita wengi zaidi walisema hawapati ganzi. Sisemi kila mtu akakate pua ya kiti chake. Pua husaidia kuiongoza baiskeli kwa mapaja. Lakini matokeo hayo yanaonyesha mwiba ulipo.

Wanawake nao hupata ganzi, na hupata pia uvimbe na michubuko ya sehemu za nje, na kwa muda mrefu viti walivyouziwa vilikuwa vile vya wanaume vilivyopanuliwa nyuma. Ni kweli kwamba kwa wastani mifupa ya kukalia ya wanawake imeachana zaidi. Ila wastani haukai kwenye baiskeli. Kuna wanawake wanaofaa kiti chembamba na wanaume wanaofaa kipana, na upasuo wa katikati ya kiti unaompa mmoja nafuu unaweza kumkata mwingine kwa kingo zake. Pima, jaribu, na usikubali maandishi ya kwenye boksi yakuamulie.

La tatu ni maumivu ya ngozi: michubuko, vipele, na majipu ya kiti. Chanzo chake ni msuguano, jasho na vijidudu vinavyoingia kwenye vishimo vya nywele. Haya ndiyo yaliyowaangusha wakubwa. Mfaransa Louison Bobet aliishinda Tour ya 1955, ya tatu mfululizo, akiwa na majipu hayo. Akafanyiwa upasuaji na mwaka uliofuata hakushiriki. Sean Kelly wa Ireland aliziacha mbio za Vuelta za Uhispania za 1987 akiwa anaongoza, siku chache kabla ya mwisho, kwa sababu ya uvimbe wa aina hii.

Kinga yake haina maajabu. Bukta ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayosugua; wengi wanaolalamika juu ya bukta zao huvaa zote mbili. Ivue mara tu safari inapoisha, oga, na usiirudie kabla ya kuifua. Krimu ya kupunguza msuguano inasaidia kwa safari ndefu. Kunyoa kunaacha vijeraha visivyoonekana: kabla ya Olimpiki ya Rio ya 2016, wanawake wa timu ya Uingereza walishauriwa waache kunyoa sehemu hizo, kwa kuwa nywele zenyewe huikinga ngozi. Jipu likitokea, pumzika. Ukiliendeshea litakua. Likija na homa, nenda hospitali.

Lakini jihoji hivi: mbona michubuko iko upande mmoja tu? Jibu mara nyingi haliko kwenye ngozi.

Kiti kilichopanda mno

Mwambie mtu akuangalie kwa nyuma unapoendesha. Kama makalio yanapanda na kushuka, kulia, kushoto, kulia, kiti chako kiko juu. Mguu haufiki chini ya pedali, kwa hiyo nyonga inaufuata, na kila mzunguko unaisugua ngozi na kuukandamiza msamba kwenye kiti. Kwa mwendo wa kawaida wa mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, saa moja ni kama mara elfu tano. Hakuna krimu itakayoshinda hesabu hiyo.

Watu hupandisha viti kwa sababu wameona wanamashindano wamekaa juu. Ukiwatazama vizuri utaona makalio yao yametulia kama mtungi kichwani.

Njia ya haraka ya kuanzia ni kisigino. Kaa kwenye kiti, baiskeli ikiwa imeegemezwa au imeshikwa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, kama kawaida ya kuendesha, goti litabaki limekunjika kidogo. Wapimaji wengi hutaka mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 hapo chini.

Kuna pia hesabu iliyopewa umaarufu na LeMond yuleyule wa sekunde 8. Simama bila viatu mgongo ukiwa ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kikiwa kimegusa juu kabisa, upime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata kama 70.6, na huo ndio umbali kutoka katikati ya mhimili wa krenki, yaani ile mikono ya chuma inayobeba pedali, hadi juu ya kiti. Hesabu hiyo haijui unene wa soli zako, urefu wa krenki zako wala ukakamavu wa misuli ya nyuma ya mapaja yako. Ichukue kama unavyochukua namba ya kiatu: inakupeleka kwenye rafu inayostahili, lakini kiatu bado lazima ukivae.

Kiti kikiwa chini mno, goti ndilo hulia, upande wa mbele karibu na pia yake. Na kwa sababu mguu uliokunjika sana hausukumi vizuri, uzito zaidi unabaki kwenye kiti. Kwa hiyo yule mshauri wa tatu, aliyesema kipandishe, naye alikuwa na siku yake.

Anayeteleza mbele kila mara

Hili ndilo lalamiko ninaloliona limefichika kuliko yote. Mtu anasema kiti kinamuuma mbele. Ukimtazama, amekalia pua ya kiti. Anajirudisha nyuma; baada ya dakika mbili yuko mbele tena. Anabadilisha kiti, mambo yaleyale.

Anza na mwinamo. Weka pimamaji ya fundi juu ya kiti, baiskeli ikiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Pua ikitazama juu, msamba unabanwa. Ikitazama chini sana, unateleza na mikono inageuka breki, viganja vinakufa ganzi na mabega yanakaza. Anzia usawa, halafu shusha pua kidogokidogo ukihitaji. Nyuzi moja hadi tatu hutosha watu wengi. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, ambalo zamani lilitaka viti vya mashindano viwe karibu na usawa kabisa, sasa linaruhusu hadi nyuzi 9.

Kama mwinamo uko sawa na bado unateleza, tazama usukani. Ukiwa mbali au chini kuliko mwili wako unavyoweza kufika, mwili unaufuata. Fupanyonga linazunguka kuelekea mbele, unaihama mifupa ya kukalia na kuanza kukalia matawi yake ya mbele, yanayokutana kama herufi V iliyopinduliwa. Huko ni kwembamba na msamba uko karibu. Kuinama hivyo si kosa kwa mwenye mwili ulionyumbulika na kiti kinachofaa mkao huo. Kwa mwingine, dawa ni shingo ya usukani iliyo fupi zaidi, au kuupandisha usukani sentimita moja mbili. Kiti kiliadhibiwa kwa kosa la usukani.

Halafu kuna kukisogeza kiti mbele na nyuma. Simama visigino vikiwa vimegusa ukuta, ujaribu kuokota kitu sakafuni. Utaanguka. Ondoka ukutani, okota tena, na angalia makalio: yamekwenda nyuma yenyewe ili kichwa na kifua vipate mizani. Mwendesha baiskeli aliyeinama anahitaji mizani ileile. Kiti kikiwa mbele mno, makalio hayana pa kwenda na mikono inabeba kifua kizima. Kukirudisha nyuma sentimita moja kunaweza kumaliza ganzi ya viganja. Ukikirudisha nyuma, kumbuka umekirefusha pia kutoka kwenye pedali, kwa hiyo huenda kikahitaji kushuka kidogo.

Mafundi wengi hupanga jambo hili kwa timazi: krenki zikiwa zimelala, uzi wenye uzito unaning'inizwa kutoka chini ya pia ya goti la mbele, na unatakiwa uangukie kwenye mhimili wa pedali. Ni pa kuanzia pazuri. Lakini timazi hupima ukuta kwa sababu ukuta huanguka ukipinda. Goti haliangushwi na sentimita moja. Anayekuambia kwamba milimita hizo ni sheria anaulinda uzi, hakulindi wewe.

Tairi nalo lina neno lake. Tairi la milimita 28 lenye upepo wa kiasi huumeza mtikisiko ambao lile la 23 lililojazwa mpaka likawa jiwe lingekupelekea makalioni. Kama umekwisha kurekebisha yote na bado barabara mbovu inakuumiza, punguza upepo kabla ya kununua kiti.

Badilisha kimoja

Kosa linalowarudisha watu mwanzoni ni kugusa vitu vitatu kwa siku moja. Kiti kimepanda, kimeinama na kimesogea nyuma. Maumivu yamehama, na hakuna ajuaye nini kimeyahamisha. Badilisha kitu kimoja, milimita 3 hadi 5 kwa kiti kupanda au kushuka, kisha endesha mara mbili tatu kabla ya kugusa kingine. Zungusha mkanda wa gundi kwenye nguzo ya kiti mahali kilipokuwa, ili ukitaka kurudi ujue pa kurudi. Katikati ya safari, simama juu ya pedali nusu dakika kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, hata kama hujisikii vibaya. Damu hurudi kabla haijakudai.

Wanaopima kwa kazi hufanya haya yote, wakiongeza kamera na vipimo vya mgandamizo, na kwa mwenye mguu mmoja mfupi, maumivu ya mgongo au jeraha la zamani, jicho la mtu wa pili lina thamani kubwa. Mpimaji mzuri utamjua kwa maswali: atakuuliza unaendesha saa ngapi, umewahi kuumia wapi, unafanya kazi gani, kabla hajashika spana. Anayekupachika kwenye baiskeli na kusoma namba hajapima mtu.

Na vipimo vyenyewe havidumu. Septemba 1969 Mbelgiji Eddy Merckx, bingwa wa Tour ya mwaka huo, alianguka vibaya katika mbio za uwanjani huko Blois, Ufaransa. Dereva wa pikipiki aliyekuwa akimwongoza, Fernand Wambst, alifariki. Nyonga ya Merckx haikurudi kuwa ilivyokuwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kubadilisha urefu wa kiti chake mara kwa mara, wakati mwingine akiwa katikati ya mashindano, na katika hali hiyo akashinda Tour nyingine nne na kuweka rekodi ya dunia ya umbali wa saa moja mwaka 1972. Mwili unaoongezeka au kupungua uzito, unaozeeka, unaojifungua, unaoacha mazoezi mwaka mzima, nao ni mwili mpya juu ya baiskeli ileile.

Kwa hiyo siku utakapoendesha saa mbili na kushuka bila kukumbuka kwamba una makalio, kabla hujafanya lolote chukua futi ya kupimia. Andika urefu wa kiti kutoka mhimili wa krenki, umbali kutoka ncha ya pua hadi usukani, tofauti ya kimo kati ya kiti na usukani, na mwinamo. Karatasi hiyo iweke mahali utakapoiona, maana fundi atakayeifungua baiskeli yako kuisafisha hatakumbuka kiti kilikuwa wapi.